Eksirei na Vidonge vya Asubuhi na Jioni

Katika kile kiwanda cha soksi hakuna mwanamke aliyependa kupita mikononi mwa Eksirei, na hakuna aliyeweza kumkwepa. Jina hilo walimpa wafumaji wenyewe, siku alipomwita msichana mmoja aliyekuwa bado yuko mbali, hata foleni ya kutokea hajaingia. "We mwenye kitambaa cha kijani," alimwambia, "rudi ukakiweke ulichochukua, halafu uje. Mimi sijaona kitu." Msichana akasimama, akageuka, akarudi. Tangu siku hiyo ikawa Eksirei, mpaka akiitwa kwa jina la kwenye kitambulisho anatazama nyuma aone nani anaitwa.

Kazi yake ilikuwa kupekua wanawake wakitoka zamu. Chumba chenyewe kidogo, kimebanwa ubavuni mwa geti, kina pazia badala ya mlango, benchi moja, na taa ya mrija inayonguruma kama nzi aliyenaswa. Wanaingia mmoja mmoja, wananyoosha mikono, naye anaanzia mabegani, ubavuni, kiunoni, mapajani, mpaka visiginoni. Alitumia mgongo wa mkono, maana kiganja humfanya mtu aone anapapaswa, na Eksirei hakutaka kumvunjia mtu heshima bila sababu. Kifua ndicho cha mwisho. Mpekuzi yeyote atakuambia: mwanamke mwenye kitu kidogo cha kuficha hakipeleki mbali. Soksi za watoto wachanga, vibonge vya uzi, sindano za mashine za kufuma, vyote vilishatoka kwenye sidiria za watu mbele ya macho yake.

"Dada, leo umenenepa upande mmoja," humwambia mtu, wala hacheki.

"Ni mwili tu, Eksirei."

"Mwili wenye lebo ya kiwanda? Toa, mama, watu wanataka kwenda makwao."

Basi mikono hiyo, iliyojua vifua vya watu mia mbili, ilichelewa kukijua cha kwake. Alikuta uvimbe akioga, mgumu kama kokwa, akauacha mwezi wa kwanza, akauacha na wa pili. Alipofika hospitali walimchukua nyama kidogo kwa sindano, na jibu lilirudi saratani. Akatundikiwa dripu za kemo, zile dawa kali za saratani, miezi mitano. Nywele zikamwisha zote, na siku alipozifagia pale sakafuni alimwita mumewe, fundi wa majokofu, mtu mrefu wa maneno machache.

"Baba Watoto, si mnasema akili ni nywele, kila mtu ana zake? Basi kuanzia leo usinilaumu kwa lolote. Zangu hizi hapa kwenye fagio."

Mume hakucheka mbele yake. Alikwenda kucheka jikoni, halafu akakaa huko kitambo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Baada ya kemo wakamfanyia operesheni. Waliondoa ziwa lote la kushoto pamoja na tezi za kwapani, na alipozinduka daktari wa upasuaji aliinama akamwambia, "Tumelitoa lote, mama." Neno hilo Eksirei alilishika kwa mikono miwili. Lote. Wifi yake, dada wa mumewe aliyekuwa akiishi nao na kufanya kazi kitengo cha kufungasha hapo hapo kiwandani, alimshonea ziwa la bandia la kuvaa ndani ya sidiria: kifuko cha kitambaa laini kilichojazwa pamba, na nyuma yake vifungo viwili, ili pamba itolewe kifuko kikifuliwa.

Wiki tatu baadaye wakaitwa wakasikilize majibu ya maabara. Daktari wa saratani alikuwa mwanamke mwembamba mwenye saa kubwa ya kiume mkononi. Mume alikaa kiti cha karibu na mlango.

"Maabara wamechunguza kila tulichotoa," daktari alisema. "Zile dripu ziliua sehemu kubwa, lakini si yote. Kwenye ziwa na kwenye tezi mbili za kwapani wamekuta seli za saratani zilizo hai."

"Kwenye ziwa mlilolitoa."

"Ndiyo."

"Ziwa liko kwenu. Sasa mimi nimebaki na nini?"

"Zilizostahimili dawa zinatuonyesha kwamba saratani yako ni sugu. Huenda kuna nyingine zilizokwisha tangulia kwingine mwilini, ndogo sana, hakuna picha inayoweza kuziona. Ndiyo maana tunataka upate mionzi, na ukimaliza umeze vidonge kwa miezi sita."

"Huenda."

"Huenda, mama."

Eksirei alimtazama vile anavyomtazama mtu anayesema begi lake lina chakula tu. "Daktari, mimi nikimpekua mtu nikamkuta na kitu, nakitoa, anakwenda zake. Simwambii arudi kila siku miezi sita kwa sababu huenda. Mmekuta au hamjakuta?"

Simu ikalia. Daktari akaipokea, akasema "ndiyo, ndiyo, mlete," na alipoiweka chini alikuwa tayari anaandika dawa. Hilo ndilo lililoganda kichwani mwa Eksirei kuliko maneno yote ya siku ile: mtu ameulizwa swali, akapokea simu.

Tena kuna jingine. Walipotoka, mume aliomba kurudi ndani mara moja. Eksirei aliitazama saa ya ukutani pale korido. Dakika tano.

"Alikuwa anakuambia nini?"

"Namna ya kumeza vidonge."

"Kumeza kuna dakika tano?"

Mume akasema tuwahi, jua linakuwa kali.

*

Alimaliza mionzi, akarudi kazini, akaanza vidonge. Vilikuwa virefu, vya pinki iliyopauka, vitatu asubuhi na vitatu jioni, baada tu ya kula. Unameza wiki mbili, unapumzika wiki moja, unaanza tena. Mume ndiye aliyekuwa akivitoa kwenye kopo, akamwekea kiganjani, akasimama na glasi ya maji mpaka aone koo limecheza.

Nyumba ikawa na minong'ono. Eksirei akiingia jikoni, mume na wifi wananyamaza, na wifi anafungua bomba la maji. Yeye alikuwa mtu wa geti, alijua: asiye na la kuficha hana haja ya kufungua bomba. Mume akaanza kucheka utani wake hata usiochekesha. Jirani aliyekuwa akimpungia mkono tu kwa mbali akaanza kuvuka barabara kuja kumsalimia, kisha anamshika mkono na hauachii. Mtu anasalimiwa hivyo lini, kama si pale anapoagwa?

"Mnajua kitu," alimwambia wifi yake jioni moja.

"Kitu gani, wifi?"

"Hicho unachokijua."

"Najua chumvi imekwisha, basi."

Kikulacho ki nguoni mwako, Eksirei aliwaza, na akaanza kuhesabu waliokuwa wamekaa nguoni mwake. Daktari alisema *lote*, daktari mwingine akasema *huenda*. Mume ana dakika tano zisizo na maelezo. Wifi ana bomba. Mmoja kati yao anadanganya, kama si wote, na yeye hakupata kushindwa kumjua mwongo tangu avae sare.

Awamu ya pili ya vidonge ikaja na mikono. Viganja viligeuka vyekundu, vikawaka moto kama mtu aliyemenya pilipili, halafu ngozi ikaanza kubanduka, miguuni vilevile. Kupekua alipekua tu, maana alitumia mgongo wa mkono. Kilichomshinda ni mashine ya vidole.

Pale kiwandani, kila mfanyakazi akifika huweka kidole kwenye mashine iliyoko ukutani ili ijue kwamba amekuja. Asubuhi ile Eksirei aliweka kidole gumba. *Jaribu tena.* Akafuta kwenye sketi, akaweka. *Jaribu tena.* Foleni nyuma yake ikaanza kusogea kama mbuzi.

"Weka kingine, shoga," alisema Kufuli, mpekuzi mwenzake, mwanamke mnene aliyepewa jina hilo kwa sababu akikaa mlangoni hapiti mtu. "Weka cha pete."

Aliweka vyote kumi. Vyote vilikataliwa.

"Wamenifuta," Eksirei alisema taratibu.

Alikwenda moja kwa moja kwa afisa utumishi, akamsimamia mezani. "Kama mmeniachisha, nipeni barua. Msiniambie kwa mashine."

"Mama, hakuna aliyekuachisha. Jina lako lipo."

"Geuza nione."

Afisa akageuza kompyuta. Jina lilikuwepo, na picha yake ya zamani, yenye nywele. "Tatizo ni vidole vyenyewe, mama," afisa alisema, na hakumtazama usoni. "Havina mistari. Vimelainika."

Eksirei angeona afadhali kama jina lisingekuwepo. Angepata mtu wa kugombana naye. Alitoka akasimama dirishani penye mwanga, akavitazama vidole kimoja kimoja. Ni kweli. Vilikuwa vyeupe, vinang'aa, havina hata mstari mmoja. Dawa gani hii inayomfuta mtu alama zake? Na anayeitoa anataka abaki nani?

Mchana huo huo akamwona wifi yake akitoka ofisi ya utumishi anakunja karatasi. Jioni ilipofika zamu ya wifi kupekuliwa, Eksirei alifungua begi lake kama anavyofungua la mtu mwingine. Karatasi ilikuwa pale, chini ya kanga ya kazini.

"Hiyo yangu, wifi," wifi alisema haraka, na mkono ukatangulia.

Karatasi si mali ya kiwanda. Sheria haikumpa ruhusa ya kuisoma. Akafunga zipu, akasema, "Pita." Lakini moyoni jambo lilikwisha kaa sawa: wameshajua anakufa, wanapanga nani achukue nafasi yake getini, na vidonge ni vya kumtuliza tu ili asifanye fujo, au vina kazi nyingine ambayo hataki hata kuifikiria.

*

Siku ya nne ya awamu ya tatu aliacha kumeza.

Ufundi alikuwa nao. Miaka ya nyuma mfumaji mmoja alimsumbua mwezi mzima kwa kupitisha sindano katikati ya vidole, mikono ikiwa imenyooshwa juu kama sheria inavyotaka. Mkono ulio wazi ndio asiouangalia mtu. Eksirei alivipokea vidonge mbele ya mumewe, akapeleka mkono kinywani, akanywa maji, akarudisha kichwa nyuma, koo likacheza. Vidonge vilibaki katikati ya vidole. Akaenda chooni, akavifunga kwenye kipande cha plastiki, akafungua vifungo viwili vya lile ziwa la kitambaa, akavisukuma ndani ya pamba. Kwa nini hakuvitupa? Kwa sababu mpekuzi hatupi ushahidi. Alitaka kuvipeleka kwa mfamasia wa barabara ya nyuma ya kiwanda, mtu asiyemjua yeye wala ukoo wake, amwambie ni vitu gani hasa. Na nyumbani asingeweza kuviweka popote: wifi alikuwa mtu wa kupanga kila kabati. Ila ziwa lile hakuna aliyeligusa. Hamadi kibindoni.

Siku ya kwanza alikuta duka la mfamasia limejaa. Siku ya pili alimwona jirani yake ndani, akapita kama mtu anayekwenda kwingine. Siku zikawa nne, kifundo cha plastiki kikawa kikubwa. Mikono haikuwa imepoa, lakini alijiambia inapoa.

Siku ya tano, kitengo cha kufuma wakasema pakiti mbili za sindano za mashine hazionekani. Sindano zile hazipatikani madukani, na zisipokuwepo mashine nane zinalala. Mkuu wa ulinzi, mzee mmoja mwenye sauti ya kengele ya shule, alisimama nje ya pazia la chumba cha upekuzi.

"Leo hakuna mkubwa, hakuna mdogo! Wapekuliwe wote mpaka kwenye nywele. Na wapekuzi mkimaliza, mpekuane. Kikamilifu, nimesema."

Wapekuzi walikuwa wakipekuana kila siku, ndiyo sheria, ila tangu operesheni Kufuli alikuwa akifika begani mwa Eksirei anashuka moja kwa moja ubavuni, kama gari linalokwepa shimo. Hapakuwa na neno lililosemwa kati yao juu ya hilo.

Wanawake mia mbili walipita. Sindano hazikuonekana. Walipobaki wawili, sauti ikaja kutoka nje: "Bado nyinyi!"

"Nyoosha mikono, shoga," Kufuli alisema. "Nivumilie. Huyu mzee leo kameza kengele."

Alianza mabegani. Akasita. Akaweka mgongo wa mkono juu ya kifua cha kushoto, kwa upole, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Ndani ya pamba vitu vikagusana, vikalia.

Kufuli akarudisha mkono. "Hiyo nini?"

"Pamba."

"Pamba haina mifupa, Eksirei."

"Hapo usiguse."

"Eksirei."

"Nimesema usiguse. Hapo ni kidonda changu."

"Kuna nini humo?" aliuliza mkuu kutoka nje.

"Tunamalizia, mkuu!" Kufuli akajibu, halafu akamkaribia mwenzake mpaka pumzi zikakutana, akashusha sauti. "Sikiliza. Kama ni sindano, nipe. Nitasema nimeziokota kule chooni. Nina miaka kumi na moja na wewe hapa, siulizi ulikuwa na shida gani. Lakini nisipokuona leo, kesho zikikutwa kwako tutafukuzwa wote, na mimi ninao watoto."

Eksirei alihisi uso unawaka. Kumbe Kufuli angeweza kumdhania mwizi. Na bado, akimdhania mwizi, angemficha. Hakujua lipi lilimchoma zaidi. Akafungua blauzi, akatoa kile kifuko, akafungua vifungo, akaweka kifundo cha plastiki kwenye kiganja cha mwenzake.

Kufuli akakitazama kwenye mwanga wa taa. Akakitazama tena.

"Hivi si vile unavyomeza?"

"Ndivyo nisivyomeza."

Kufuli akageukia pazia. "Hakuna kitu, mkuu! Tuko safi!" Viatu vya mkuu vikaondoka. Ndipo akakaa kwenye benchi, na benchi likalia chini yake.

"Ingekuwa sindano ningefurahi," alisema. "Wallahi ningefurahi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Wewe umeficha dawa ya maradhi, sijui methali yako ni ipi, hawajaitunga bado."

"Hujui yanayotendeka nyumbani kwangu."

"Niambie."

Akamwambia. Lote na huenda. Simu ya daktari. Dakika tano. Bomba. Vidole. Na ile karatasi ya wifi iliyotoka kwa afisa utumishi. Aliyasema yote kwa mpangilio, kama anavyoandika kwenye daftari la matukio, na alipoyasikia nje ya kichwa chake yalikuwa bado yanashikamana.

Kufuli alikuna kidevu. "Karatasi naijua."

"Unaijua?"

"Wifi yako alikwenda kukuombea kadi ya kupitisha kwenye mashine badala ya kidole, usiteseke tena. Fomu ilitaka kujua sababu. Ikabidi aseme kwamba dawa zinakula ngozi, na dawa ni za nini."

"Nilisema asiambiwe mtu kazini kwamba huenda saratani bado imo."

"Ulisema. Alilia pale ofisini kwa sababu ulisema. Sasa anajua afisa. Najua mimi. Mkuu anajua nusu, nusu nyingine anaijazia mwenyewe."

Eksirei akakaa. Macho yake basi hayakumdanganya. Ni kweli walikuwa wanamficha. Alichokosea ni kitu ambacho angemgombeza mpekuzi mgeni kwa kukikosea: ameona begi limefichwa, akajiona anajua kilichomo.

"Na zile dakika tano?" akauliza.

"Hizo mimi sinazo. Na sema unavyotaka, lakini yule daktari anakudai jibu. Nenda ukalichukue. Akipokea simu, mngojee amalize. Na hivi vidonge vipeleke kwake."

Sindano, kwa anayetaka kujua, zilikutwa siku mbili baadaye kwenye droo ya fundi mitambo mwenyewe, alikoziweka zisiibiwe.

*

Alikwenda kliniki peke yake, bila kuaga. Alipoingia hakukaa. Aliweka kifundo cha plastiki mezani mbele ya daktari.

Daktari alikifungua. "Siku ngapi?"

"Tano."

Eksirei alijikaza, akingoja kugombezwa. Badala yake daktari akasema, "Nionyeshe mikono." Akaigeuza, akabonyeza ncha za vidole, akamvua kiatu kimoja. "Mbona hukuja ilipoanza hivi?"

"Niliambiwa ni kawaida ya dawa."

"Ni kawaida, lakini si ya kunyamaziwa. Ungekuja tungesimamisha dawa ngozi ipone, kisha tungepunguza dozi. Ndivyo tutakavyofanya sasa. Hivi vya hapa niachie, na hizo siku zilizopita usizifidie kwa kumeza mara mbili. Alama za vidole hurudi, mara nyingi, dawa zikishakwisha."

"Mara nyingi."

"Mara nyingi."

"Daktari, nilikuuliza swali siku ile, ukapokea simu."

Daktari akaitoa simu mfukoni, akaizima, akaiweka kifudifudi. "Uliza."

"Imo au haimo?"

"Sijui."

Eksirei akangoja. Waongo aliwajua: mwongo hakosi jibu, na akilitoa hulifuatisha na jingine, na jingine. Huyu alisema neno moja akanyamaza. Akamtazama macho, akamtazama mabega, akamtazama mikono. Hakuna kilichohama.

"Ulitoa kila kitu ukakichunguza, na hujui?"

"Najua kilichokuwa kwenye tulichokitoa. Kilichobaki ndani yako, kama kipo, hakuna kipimo nilicho nacho cha kukiona. Tukingoja mpaka kionekane, tumechelewa. Kwa hiyo natibu kama kipo."

"Na nikimeza vyote?"

"Nafasi ya saratani kurudi inapungua. Haiishi. Nikikuambia inaisha nitakuwa nakudanganya."

Hapo Eksirei akaketi, bila kuambiwa. Kila jioni anapekua wanawake mia mbili. Si kwamba wote wameiba. Pengine hakuna hata mmoja. Anawapekua kwa sababu hajui, na asiyejua hana njia nyingine ya kulala. Alikuwa akiwaeleza wafumaji jambo hilo kila wanapolalamika, na hakuna aliyewahi kumwelewa.

"Mume wangu alirudi humu siku ile," alisema mwishowe. "Mlizungumza nini?"

"Aliniuliza jambo lake. Mwulize yeye."

*

Alimkuta mume uani, jokofu limelazwa kifudifudi kama ng'ombe wa kuchinjwa, matumbo nje. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakalia.

"Baba Watoto, sijameza vidonge siku tano. Nilikuwa nakudanganya. Nimetoka kwa daktari, tumeelewana, wiki ijayo naanza upya kwa dozi ndogo. Mimi nimekwisha sema langu. Na wewe dakika zako tano uzilete."

Bisibisi ikasimama. Mume akaiweka chini.

"Nilimwuliza kama ni mimi niliyekuletea."

"Umeniletea nini?"

"Huu ugonjwa. Gesi za haya majokofu. Miaka ishirini na mbili narudi ndani na nguo zinanuka gesi, na wewe unazifua kwa mikono. Nikamwuliza kama ndiyo iliyokuletea."

"Akasemaje?"

"Akasema hapana, si hiyo, niondoe wasiwasi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Sikumwamini. Niliona ananihurumia tu. Ndiyo maana nguo zangu za kazi nazifua mwenyewe siku hizi, nikimwomba dada azifiche usizione. Hayo ndiyo tunayonong'ona."

Eksirei alimtazama mtu huyu mrefu, mwenye grisi kwenye nyusi. Miezi yote hii alikuwa anamtafuta mwenye hatia ndani ya nyumba, na mumewe naye alikuwa anamtafuta, ila amejikamata mwenyewe.

"Yule mwanamke hajui kudanganya," akamwambia. "Nimempekua leo. Kama amesema si gesi, si gesi."

"Una hakika?"

"Sina hakika ya kitu hata kimoja. Lakini kwa hilo, ndiyo."

Wiki iliyofuata ngozi ilianza kushika. Jioni ya kuanza tena, vidonge vilikuwa viwili badala ya vitatu. Wifi alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Tangu suala la karatasi walikuwa hawajasemezana vizuri, na Eksirei hakuwa amesamehe yote. Alisema siri ni yake, na iliyotoka hairudi ndani. Wifi alisema kadi nayo imetoka, kama hataki airudishe ofisini. Kadi ilikuwa shingoni mwa Eksirei.

Akaweka kidonge ulimini, akanywa maji. Akaweka cha pili, akanywa. Bado hakujua kama kuna kitu ndani yake kinachongoja, wala kama vidonge vitakikuta. Alimwamini daktari kwa kiasi cha neno lile moja, si zaidi.

Mume na wifi walikuwa wanamkodolea macho kama watu wanaotazama penalti.

"Mkitaka kuninong'ona," akawaambia, "ninong'oneni hapa hapa nikisikia. Nimechoka na maji ya bomba."

Wakatazamana. Wifi akaegemea sikioni kwa kaka yake, akaziba mdomo kwa kiganja, na kwa sauti ya kumfikia hata jirani akanong'ona, "Amemeza?"

"Naona amemeza," mume akanong'ona.

"Koo limecheza?"

"Limecheza mara mbili."

"Mbona uso wake hivyo?"

"Vichungu," Eksirei akasema, akasukuma glasi katikati ya meza. "Leteni maji mengine."